Maharage Mfukoni mwa Sare

Dobi haloweki nguo kabla hajapekua mifuko. Kwa miaka kumi na miwili mama huyu ametoa katika nguo za watu funguo, vidonge, barua za mapenzi na, mara moja, meno ya bandia. Hakuna kilichomshtua. Jumanne ile alitia kidole katika sare ya bintiye wa miaka saba, akatoa maharage. Yametafunwa nusu, yamekauka, yamefungwa kwa karatasi ya daftari. Mfuko wa pili, vivyo hivyo.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaelewa yote.

Mezani kwao anatawala wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyehamia hapo tangu afiwe. Yeye ndiye anayepakua, na sahani ya mtoto huijaza sawa na ya baba yake, fundi bomba aliyeshinda akichimba mitaro. Kisha huketi mkabala na mtoto.

"Kijiti, maliza! Upepo ukivuma tutakukimbiza mtaa mzima!"

Na watu wazima hucheka. Hucheka! Mtoto shavu limemtuna, machozi yanadondokea wali, nao na akili zao timamu wanacheka. Akibakiza, hupewa kile kile asubuhi, kikiwa baridi, amekwisha kuvaa sare. Ndipo alipojifunza kutoka mlangoni na tonge shavuni.

Na mama? Alinyamaza. Siku nyingine alisema mwenyewe, "Mridhishe shangazi, mama, kijiko kimoja tu." Hilo ndilo lililomchoma. Anapekua mifuko ya mji mzima, asione shavu la mwanawe!

Jioni alipika yeye. Mabakuli akayaweka katikati, upawa akamkabidhi bintiye.

"Pakua unachoweza, mama. Ukishiba, sema."

"Makubwa haya!" wifi akamaka. "Leo anajipakulia, kesho atatupangia na pa kulala!"

"Tumbo ni lake, wifi. Wewe njaa yake unaisikia wapi?"

"Mimi nimelea sita!"

"Nami ninalea mmoja. Niachie." Akamgeukia mumewe. "Na wewe leo usithubutu kucheka."

Fundi bomba akainamia sahani yake kama anayetafuta pale panapovuja.

Mtoto alipakua wali kiganja kimoja na maharage kidogo. Akala taratibu. Akasema, "Nimeshiba," akakunja mabega akingoja.

Wifi akauchukua upawa, akachota wali hadi ukajaa. Haukufika sahanini kwa mtoto. Mama aliudaka mkono ule hewani, kwa vidole vinavyokamua mablanketi.

"Amesema ameshiba."

"Utamlea mtoto wa ovyo, wewe!"

"Nitamlea anayekula bila kulia."

Upawa ukarudi bakulini. Mtoto alimtazama huyu, akamtazama yule, kisha akateremka kitini polepole, akaelekea mlangoni kama mtu anayeogopa kuitwa.

Hakuna aliyemwita.