Sega la Asali Kwenye Mfuko wa Kanzu

Jamani, kuna aibu za kuficha na kuna aibu ambazo hata ukizificha zinajulikana mpaka Sikonge, na hii yangu ni ya kundi la pili, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu aliyeitia chumvi (japo sijui ataitia wapi, maana imekolea tayari).

Mnanijua, mimi ni fundi cherehani hapa Mtendeni, na mnajua nilivyokuwa mtumwa wa sukari. Chai yangu vijiko vinne, vitumbua pembeni, na ikikaribia saa nne mikono inatetemeka mpaka niagize soda. Siku moja nikaona kizunguzungu, nikaenda zahanati, nesi akanipima akasema sukari yangu imeanza kupanda, bado si ugonjwa lakini ugonjwa unabisha hodi. Pamoja na mengine akanishauri asubuhi nianze na chakula chenye protini, yaani mayai, maharage, dagaa, karanga, mtindi, ili sukari mwilini itulie na ile hamu ya vitu vitamu ipungue. Nilibisha kimoyomoyo, lakini mke wangu hakubisha, kesho yake tu maharage na mayai yakawa mezani, na baada ya muda nikashangaa saa nne inapita sina habari na soda.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu akipata nafuu hushukuru akanyamaza, mimi niligeuka mhubiri. Mteja akija kupimwa suruali namuuliza kwanza asubuhi amekula nini, na akisema chai na andazi namsomea mpaka anajuta kuja. Mtaani wakaniita Fundi Mayai, nami nikaona ni cheo.

Sasa nina mpwa wangu, Hamisi, mtoto wa dada yangu, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Alipompata binti, Mwajuma wa kule Ipole kwa wafuga nyuki, hakwenda kwa baba zake wadogo, alikuja kwangu dukani akakaa kwenye kile kigoda cha wateja. Akasema, "Mjomba, baba niliyemwona kwa macho yangu ni wewe. Nenda ukaniposee." Nikajifanya natafuta sindano chini, maana machozi yalikuwa karibu. Nikajishonea kanzu mpya, nyeupe, yenye mfuko mkubwa pembeni (huo mfuko mtausikia).

Alfajiri ya safari mke wangu akaniwekea maharage na mayai kama kawaida. Nikayatazama yale maharage, nikafikiria ukweni, nikafikiria mshenga anasimama kusema maneno mazito na watu wametulia kimya, halafu tumbo nalo linataka kuchangia. Nikasema leo nipumzike. Mayai je? Nikamwambia mayai yanabaki mdomoni, siwezi kuzungumza na wakwe hivyo. Nikanywa chai tupu, tena ile ya zamani, vijiko vinne, eti nipate nguvu za safari. Mke wangu akaifunika sahani.

Tukaondoka na gari la kukodi, mimi na jirani yangu Kassimu muuza mkaa, barabara ya kwenda Mpanda. Tulipopita Sikonge tumbo lilikuwa linanguruma na mikono imeanza mambo yake ya zamani. Kufika Ipole tukaambiwa baba wa binti amekwenda kuangalia mizinga, tusubiri barazani, na wakatuletea chai ya asali na maandazi ya moto. Kassimu akala vizuri kabisa. Mimi, kwa kuwa wenyeji walinitazama, nikasukuma sahani pembeni nikawaambia kwamba watu tunaojali afya hatugusi vitamu, na nikatoa ule mhadhara wangu wote wa mayai na maharage mbele ya bibi yake Mwajuma mzaa baba, aliyekuwa amekaa mkekani kwa sababu miguu haimruhusu kusimama. Bibi akasema, "Hongera mwanangu, umejua kujizuia." Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Muda ukapita, nikaanza kutokwa jasho, harufu ya maandazi imenikaa puani, na baada ya mhadhara ule singeweza kunyoosha mkono. Nikaomba kwenda msalani. Huko uani, karibu na choo, kuna kibanda mlango wazi, na ndani kuna ndoo imefunikwa vizuri. Nikafunua. Masega ya asali, yamejaa, yanang'aa. Sikufikiri chochote, nilimega moja nikala nimesimama, asali inanitiririka hadi kwenye kiwiko, na utamu wake niliusikia mpaka magotini. Ningeishia hapo labda msingenicheka leo. Lakini nikamega jingine, nikalifunga kwenye leso, nikalitia kwenye ule mfuko wa kanzu, la kula njiani. Ndoo nikaiacha nusu wazi.

Niliporudi, baba wa binti alikuwa amefika, mtu mwembamba, mpole, anaongea polepole. Tukasalimiana, nikasimama, nikaanza yale maneno niliyoyakariri wiki nzima, kwamba sisi ni wapita njia, tumeona ua zuri katika bustani hii. Nyuki mmoja akaja. Akazunguka mfuko wangu. Akaja wa pili na wa tatu, nami naendelea na ua langu huku nimebana mfuko kwa kiganja.

Baba wa binti akaniuliza taratibu, "Mshenga, una nini mfukoni?"

Nikasema leso tu.

"Itoe basi, uiweke mbali. Na usiwapige."

Alinipa mlango wa kutokea, jamani, na mtu mwenye akili angepita. Mimi, kwa aibu, nikajichekesha, na mmoja alipotua nikampiga kofi juu ya mfuko. Wafuga nyuki wanajua, ukimponda mmoja hapo umewaita wenzake. Walikuja kutoka uani, kutoka kwenye ndoo ile niliyoifunua mchana kweupe, jambo ambalo hata mtoto wa Ipole halifanyi. Nikakimbia. Nikavua kanzu mbioni nikaitupa, nikaingia kwenye gari nikafunga vioo, mshenga wa watu nimebaki na singlendi na bukta yenye kiraka.

Humo garini ndimo nilimoona nilichokifanya. Yule bibi hakuweza kukimbia. Nilimruka mkekani, nakumbuka nilimruka kabisa, na sasa Mwajuma alikuwa ametoka ndani, amemfunika bibi yake kwa khanga na mwili wake mwenyewe, huku baba akipuliza moshi na Kassimu akikokota majani mabichi kuongeza kwenye moto. Mimi nilikuwa natazama kupitia kioo.

Nyuki walipotulia, baba wa binti alikuja na ile ndoo ya asali mkono mmoja, na kanzu yangu kwenye ncha ya mti. Akaifungua leso mbele yangu. Hakupandisha sauti. "Ndoo hii nilimwekea mama yake kijana wenu, dada yako," akasema. "Mpelekee. Posa sijaikataa, lakini mkirudi, aseme mtu mwingine."

Safari ya kurudi niliipakata ndoo ile hadi Mtendeni. Hamisi alikuwa amesimama nje dukani kwangu, amevaa shati la sikukuu. Nilipomaliza kumweleza hakunilaumu. Aliuliza tu kama bibi yake Mwajuma anaendelea vizuri, akaichukua ndoo akampelekea mama yake. Ningefurahi angenitukana.

Posa alikwenda kuisema Kassimu, tena kwa kanzu niliyomshonea mimi. Siku ya harusi kule Ipole niliketi nyuma, na waalikwa wakapitishiwa chai ya asali na maandazi. Kwangu alikuja Mwajuma mwenyewe, alama za nyuki bado ziko mkononi, akapiga goti na sahani iliyofunikwa.

"Shikamoo baba. Bibi kasema wewe uanze na hii."

Nilifunua nikakuta maharage na mayai mawili. Watu walikuwa wananitazama, na bibi naye kule mkekani ananitazama. Nikaitikia marahaba, nikainamisha kichwa, nikala yote mpaka punje ya mwisho. Na tangu siku hiyo, jamani, kuwe na safari, kuwe na ukweni, kuwe na msiba, sahani ile mke wangu hajaifunika tena kabla sijaimaliza.