Siku Baba Alipokataa Gwaride

Mwezi wa saba, kwetu Kasokola kulinukia nyasi kavu za kuezekea. Mahindi yalikuwa yameshaingia ghalani, vumbi jekundu limetanda juu ya majani ya mihogo, na baba akirudi kutoka porini na mafungu ya nyasi nyuma ya baiskeli. Hazikuwa za nyumba yetu; sisi tulikuwa na bati. Alizikata kwa ajili ya Bibi Monika, mama wa rafiki yake Joakimu. Baba na Joakimu walikwenda pamoja vitani Uganda, akarudi baba peke yake. Tangu hapo, kila Siku ya Mashujaa, baba alipanda juu ya nyumba ya bibi yule na kubadilisha nyasi zilizooza. Hakutueleza kwa nini, nasi hatukuuliza.

Nilipokuwa darasa la tano, katikati ya miaka ya tisini, mwenyekiti wa kijiji alitaka sherehe kubwa. Wapiganaji wa zamani wote wavae medali na kupita mbele ya wanafunzi. Mimi nilichaguliwa kusoma shairi. Jioni moja mwenyekiti akaja nyumbani, hata kiti alichopewa hakukikalia.

“Baba Neema, asiyekuja tutajua hana uchungu na wenzake.”

Baba aliendelea kunoa panga. “Uchungu ninao, mwenyekiti. Lakini siku hiyo nina kazi kwa mama yake Joakimu.”

“Haiwezi kungoja hadi kesho yake?”

“Hiyo haingoji.”

Mwenyekiti akaapa kwamba jina la baba atalisoma mbele ya watu wote. Alipoondoka nilianza kulia. Nilimwambia baba kuwa wenzangu watanicheka, wataniita mtoto wa msaliti. Aliweka panga chini akanitazama.

“Wewe nenda ukasome shairi lako, tena kwa sauti. Mimi sikukatazi. Na wewe usinikataze.”

Siku ilipofika, uwanja wa shule ulijaa. Mwenyekiti alifungua daftari na kuita majina, kila aliyeitwa akipiga hatua mbele. La baba aliliita mara tatu. Watu wakanigeukia.

Ndipo Mzee Maganga, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, akatoka kwenye mstari bila kuitwa. Naye alipigana vita ile. Koti lake lilikuwa na medali tatu, na viatu vyake viking'aa.

“Huyo unayemwita yuko juu ya paa la mama yake Joakimu,” alisema. “Mimi napenda gwaride, nitatembea hapa mpaka nichoke. Yeye anapenda kuezeka. Tunayemkumbuka ni Joakimu yule yule. Nyie mnataka nini zaidi?”

Mwenyekiti akafunga daftari. “Basi, mzee. Tuendelee.” Nikasoma shairi lote bila kukwama.

Sherehe ilipokwisha nilikimbia moja kwa moja kwa Bibi Monika. Baba aliuliza kutoka juu, “Umesoma?” Nikamjibu nimesoma. Bibi, ambaye hakuwahi kufika kwenye sherehe hizo, akaniomba nimsomee na yeye. Nilisimama uani nikasoma, baba akiwa ameacha kufunga nyasi. Nilipomaliza, bibi alisema, “Rudia pale penye mama.” Nikarudia mara mbili.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Mpanda mjini. Sherehe zimekuwa na vipaza sauti, viti vya plastiki na watu wanaopiga picha kwa simu, na bado kuna anayetaka kuhesabu nani amekuja. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alinijia akiinamisha kichwa: babu yake, askari mstaafu, hapendi sherehe, siku hiyo hutaka mjukuu wake akae naye tu nyumbani. Nilimwandikia ruhusa palepale, nikamwambia anisalimie babu.