Vigelegele Kabla ya Amina

Ninyi vijana mtakaosoma haya, chekeni sasa mmalize, maana kijiji kizima cha Kimuli kimeshacheka, na mimi bado napita njia ile ile kwenda shambani. Ni kweli, nilipiga vigelegele katikati ya sala. Na sikuwa nimekunywa kitu.

Mjukuu wangu Kemilembe ana umri wa kipaimara lakini kutulia hajui, anainuka kabla hujamaliza kumwambia kaa, anadakia swali la mwenzake, akikatazwa anapiga benchi teke, na mwinjilisti alishamtoa darasani mara mbili, mpaka mzee wa kanisa akaniambia mbele ya watu, "Mama, safari hii akiinuka kabla ya Amina, kipaimara hapati."

Nikampakia bodaboda hadi hospitali kule Kayanga, nikitegemea sindano. Mshauri, binti mdogo kabisa (nilimtazama viatu kwanza, nikidhani ni mwanafunzi), hakutoa hata kidonge.

"Bibi, mawazo yake yanakimbia, si jeuri tu. Mwambie jambo moja moja, kwa maneno machache. Mpe kitu cha kushika mkononi. Na akifanya vizuri msifu hapo hapo, ukichelewa hajui unasifia nini."

"Nimsifu kwa kukaa? Hata kiti kinakaa!"

"Msifu, bibi."

Basi nikaanza, shingo upande. "Kemi. Kaa." Akikaa: "Asante kwa kukaa." Maneno yalikuwa machungu mdomoni kama kahawa mbichi, lakini wiki zikipita nikaona mtoto anabaki, hata maharage anamenya mpaka yanaisha.

Siku ya kipaimara akajibu swali lake la mafundisho, akakaa benchi la mbele, mkononi anasugua punje za kahawa nilizompa. Mzee wa kanisa akaanza kuomba (yule akiomba, ndizi zinaungua jikoni): mvua, mazao, wagonjwa, madereva, mvua tena. Nikafungua jicho moja. Kemi ametulia! Nikakumbuka, hapo hapo, ukichelewa hajui, na kabla sijajizuia vigelegele vikanitoka, wanawake wa nyuma wakadhani sala imeisha wakaitikia, mpiga ngoma akapiga, kwaya ikasimama, waliokuwa nje na zawadi wakaingia wakicheza, jogoo wa mtu akarukia madhabahuni, na mzee wa kanisa bado kafumba macho anaombea mbuzi. Mimi nami, kwa kuona aibu kuishia njiani, nikatoka katikati kucheza, kanga ikateleza.

Watoto wa kipaimara wote wakaruka juu. Mmoja tu hakuinuka. Aligeuza shingo, akanikazia macho kama ninavyomkazia mimi.

"Bibi. Kaa."

Nikakaa. Pale pale, sakafuni.

"Asante kwa kukaa."

Mchungaji alicheka mpaka akashika mimbari. Mzee wa kanisa akafumbua macho, akatazama benchi la mbele, akanitazama mimi chini, akasema, "Amina. Huyu aanze." Akaanza yeye, wa kwanza kuwekewa mikono, mtoto waliyesema hafundishiki, na mimi nikapiga vigelegele tena, safari hii kwa ruhusa.

Jioni, kabla mtu hajagusa chakula, nikawaambia wote wa nyumba yangu: "Kuanzia leo, mtoto akifanya vizuri humu asifiwe hapo hapo, asisubirishwe mpaka kesho. Na tukienda kanisani, Kemi akae ubavuni kwangu, anishike kanga mpaka Amina."