Ukurasa wa Ijumaa Kiooni

Harufu ya pasi ya moto ikigusa kitambaa kibichi hunirudisha mtaa wa Satwa, huko Uarabuni, kwenye duka la ushoni la mjomba Haroub, kaka yake mama, nikiwa na miaka tisa.

Mjomba alimhusudu mwandishi mmoja wa kale wa Uingereza, aliyekuwa akitoa karatasi ya kusomwa mikahawani, akiwacheka watu kwa tabia zao bila kumtaja mtu. Mwandishi huyo, zamani akiwa askari, alimchoma mwenzake upanga nusura amuue, na tangu hapo akaandika kuwakataza watu kupigania heshima. Mjomba alitusimulia sana habari zake, nikamdhania jamaa yetu.

Basi kila Ijumaa baada ya sala, mjomba naye alibandika ukurasa wake kwenye kioo cha kupimia nguo. Waswahili walikuja na kahawa zao, mmoja akasoma kwa sauti: leo mlafi wa harusini, wiki ijayo muongo wa kwenye simu. Kila mtu alimsonta mwenzake, wakacheka mpaka basi.

Ijumaa moja aliandika juu ya bwana mpole barazani, ambaye mkewe huvaa mikono mirefu hata chumbani, kwenye joto kali la Agosti. Hakucheka mtu. Baba yangu aliweka kikombe chini, akamtandika mjomba ngumi ya mdomo. Akamsukumiza kwenye kioo, kikavunjika, akamkanyaga kiganja juu ya vigae vile. Damu ilirukia kanzu za wateja.

“Utanifunza kuishi na mke wangu?”

Mkasi mkubwa ulikuwa karibu na mkono mzima wa mjomba. Hakuugusa. Alitema jino.

“Khalas, bwana, basi!” Fundi mmoja wa Kipemba alimkamata baba kiunoni. Kisha akamtazama usoni. “Kumbe ni wewe?”

Nilimchukia mjomba siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsikia mama akilia, na nilitaka baba achomwe ule mkasi.

Ukubwani ndipo nilipofahamu. Kwetu kaka hamuulizi shemeji mambo ya chumbani. Angeuliza, mama mwenyewe angekana. Na angerudisha ngumi moja tu, ungekuwa ugomvi wa mashemeji, wangepatanishwa, mama akarudishwa nyumbani. Alikubali kupigwa hadharani ili watu waone anavyopigwa dada yake faraghani.

Magharibi ya siku ile, mama na mimi tukiwa tumeshakimbilia nyumbani kwa mjomba, baba alikuja kumdai mama. Aliwakuta wanaume wote wa dukani wamekaa mlangoni, na hakuna aliyempisha.