Ng'ombe Aliyefutwa Kwenye Noti

Mdogo wangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka naona aibu. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, mawazo tele. Babu yangu wa Chemba akanikabidhi noti yake ya zamani ya shilingi mia, niipeleke Dodoma mjini ikawekewe fremu yenye kioo pande zote mbili.

Noti nzuri ile. Nyuma yake amesimama mchungaji na mifugo yake, na ukiiinua kwenye mwanga, kichwa cha twiga kinajitokeza ndani ya karatasi. Ila kwenye sikio la ng'ombe mmoja palikuwa na mikato miwili ya wino. Nikaanza kuwaza. Je, wageni wakidhani tumeichafua? Wakusanyaji wa noti, nilisoma mahali, hawapendi doa. Wanasema haraka haraka haina baraka. Mimi nilikaa siku tatu, na baraka sikuiona. Nikachukua pamba yenye spiriti. Wino ukatoka, sikio likatoka nalo.

Niliporudi Chemba, babu aliisogeza fremu karibu na macho. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ng'ombe wetu yuko wapi?"

Nikamjibu kwamba nimemsafisha.

Ndipo nikaelezwa. Siku babu alipopeleka mahari ya bibi, ng'ombe mmoja alifia njiani, na wakwe walikuwa wameshakaa. Baba yake bibi akamwomba babu ile noti, akamchora ng'ombe wa pichani alama ya zizi lake, ileile aliyowakata ng'ombe wake masikioni, akasema amempokea. Ng'ombe wa kweli alipofikishwa baadaye, akairudisha. Sasa mzee yule ni marehemu, na alama ya mkono wake ilikuwa imebaki hapo tu.

Bibi, aliyekuwa akipepeta uwele, akasema bila kugeuka, "Basi mahari yangu imepungua. Nifungashieni mizigo nirudi kwetu Miyuji."

Sikujua kama nicheke. Babu hakucheka.

"Mjukuu wangu, akili umepewa nyingi. Na mdomo je, ulipewa wa kulia ugali tu?"

Afadhali angenichapa. Siku zote tatu simu ilikuwa mkononi, na namba yake ninayo.

Mdogo wangu, kuuliza si ujinga. Mimi niliogopa kuonekana mjinga, nikatenda la kijinga zaidi. Ukiona doa kwenye kitu cha wazee, usiliwazie peke yako. Lina mwenyewe, muulize angali hai. Mungu akujalie wazee wa kuwauliza, na akupe ujasiri wa kuwasumbua.