Severa, Muuza Majani Aliyekabidhiwa Sungura wa Uhindini

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mabati ya soko la Kariakoo, na Severa ameshaketi uani anachambua majani. Ukoka anauweka upande huu, mchunga upande ule. Jani lenye umande analipangusa kwa upindo wa kanga, moja moja, kama mtu anayekausha vijiko vya wageni.

Kando yake pana sanduku la mbao lililokuwa la majani ya chai. Ndani amejikunyata sungura mweupe mwenye masikio ya rangi ya majivu. Ukimtazama kwa haraka utasema hana shida, manyoya si haba. Severa anampapasa mgongoni, kisha anamkaribisha mwandishi wa habari hizi afanye vivyo hivyo. Chini ya manyoya vidole vinakuta mifupa mitupu.

"Hapo ana nafuu," anasema. "Ungemshika siku aliyokuja, ungelia."

Mwandishi alifika nyumba hii ya Mtaa wa Sikukuu kwa kufuata uvumi. Sokoni watu walikuwa wakicheka kwamba kuna mama wa Kichaga anayemuuguza sungura wa Mhindi, na wauza nyama wawili walikuwa wamewekeana dau ni lini atatiwa chumvi. Habari ya namna hiyo mtu akiisikia hawezi kurudi ofisini akaketi kimya.

Severa ni mzaliwa wa Kibosho, mkoani Kilimanjaro. Mumewe, Leodegar, anafanya kazi ya kufungua marobota ya nguo katika ghala moja hapa mjini. Wana binti mmoja, Candida, anayesoma kule Kibosho kwa bibi yake. Severa mwenyewe anauza majani. Si mchicha wala kisamvu, ni majani ya ng'ombe.

"Kwetu ng'ombe haendi machungani," anaeleza. "Anakaa nyumbani, wewe ndiye unamfuata na majani kichwani. Nilipofika Dar es Salaam nikakuta majani yamelala tu bonde la Msimbazi, hakuna anayeyagusa. Nikasema, kumbe mji huu una mali na wenyewe hawaijui."

Wateja aliwapata Uhindini. Kila asubuhi hujitwika mzigo wake, akavuka kiwanja cha Mnazi Mmoja, na kuingia mtaa ambao muuza maziwa mmoja hufunga ng'ombe wake wawili karibu na hekalu. Akina mama wa Kihindu hutoka na vyombo vyao vya sala, wakanunua kitita kwa senti ishirini, wakamlisha ng'ombe kwa mikono yao. Kwao hilo ni jambo la thawabu.

"Mimi nawauzia wao majani, wao wanampa ng'ombe, ng'ombe anatoa maziwa, halafu mwenye ng'ombe anawauzia wao wao maziwa," Severa anasema na kupiga makofi. "Mwenye ng'ombe amelala tu, ndugu yangu! Nilipoielewa biashara hiyo nilitua mzigo nikacheka."

Mmoja wa wateja wake wa zamani ni Mama Daksha, mke wa Ramniklal, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla. Sungura ni wake. Aliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na Mama Daksha akampa jina la Chando, maana yake mwezi, kwa kuwa Wahindu wakiutazama mwezi mpevu huona sungura ameketi ndani yake. Mnyama wa namna hiyo huwezi kumtupia maganda.

Kwa hiyo Chando aliishi kama bwana harusi. Katika nyumba ile chapati ya kwanza ya asubuhi ni ya ng'ombe, na ya pili ikawa ya sungura. Ilipakwa samli, ikalowekwa katika maziwa ya moto na kunyunyiziwa sukari guru. Jani halikuingia kinywani mwake. Majani, Mama Daksha aliona, ni chakula cha kununuliwa mitaani, na huyu alikuwa mtu wa ndani.

Ikafika siku ya mfungo, ile siku ya kumi na moja ya mwezi ambayo Mama Daksha hagusi nafaka. Chando naye akaketi mbele ya sahani yake asile. Mama Daksha alifurahi kupita kiasi. Mwandishi alipomkuta kibarazani kwake alikiri mwenyewe, huku akijifunika uso kwa ncha ya sari.

"Mimi nasema, ah, mnyama hii ya dini kweli. Mimi naita majirani yote kuja kutazama. Wote nakunja mikono, nasalimu yeye. Kesho hali, mimi nasema amezidisha sala. Kesho kutwa hali. Sasa mimi naogopa."

Severa alimwona Chando siku alipoingiza kitita hadi ukumbini kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Sungura alijikokota hadi kwenye majani, akauma jani moja, likamponyoka. Akauma tena. Likaponyoka tena, na mate yakamchuruzika kidevuni.

"Nikamwambia, Mama Daksha, huyu hakufunga. Aliyefunga hashiki chakula. Huyu ana njaa ila kuna kitu kinamzuia. Akaniuliza ni kitu gani. Nikasema sijui, mimi najua mbuzi."

Mama Daksha akamwomba aende naye nyumbani amtazamie. Lakini kabla ya kumkabidhi alimuuliza swali moja, tena kwa sauti ya chini: Je, yeye Severa anakula nyama? Severa akasema anakula. Na sungura? Severa akasema kwao sungura huliwa, akipatikana.

Hapo mwandishi alimuuliza Severa kwa nini hakusema uongo mdogo tu, wa kumtuliza mwenzake.

"Angejua," Severa akajibu. "Na kama si siku ile, siku nyingine."

Mama Daksha alilia kidogo, kisha akamfunga sungura katika kitambaa cha pamba na kumpa. Tangu saa hiyo Severa hakuwa na raha. Sungura akifa, hata kwa maradhi yake mwenyewe, nani Uhindini ataamini kwamba hakuishia chunguni? Mama Daksha asingenunua tena kwake, na mtaa mzima ungemfuata. Anayemshuku kwamba amemla Chando asingepokea kutoka kwake majani ya ng'ombe wa sala.

"Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya kile kitambaa," anasema. "Na kilikuwa chepesi! Nilitembea Mnazi Mmoja yote namfunua nione kama anapumua."

Nyumbani alipokewa kwa matani. Bi Siti, mwenye nyumba, ni mwanamke wa Mzizima ambaye hukaanga vitumbua barazani na ulimi wake una moto kuliko kikaango. "Jamani, Wachaga mmekosa kuku?" aliuliza. Leodegar alipotoka kazini akamnyanyua sungura kwa masikio, akampima kwa jicho. "Mama Candida, huyu hata supu haitoshi," akasema, na mkewe hakumsemesha hadi wakati wa chakula.

Usiku huo huo Severa akakosea. Alimwekea matembele mabichi, yamelowa maji, akidhani mwenye njaa ya siku nyingi anahitaji kitu laini. Machache yaliyopita yakamharibu tumbo. Asubuhi sungura alikuwa amelala ubavu.

"Nilipiga magoti," anasema. "Nikasema, Mungu wangu, kweli nife kwa ajili ya sungura?"

Ni Leodegar aliyeona meno. Alikuwa amemshika sungura ili Severa amnyweshe maji kwa kijiko, mdomo ukafunguka, na yeye akapiga mluzi. Meno ya mbele yalikuwa marefu yamepinda kama kucha za mzee, ya juu yakiingia ndani na ya chini yakitokeza nje. Meno ya sungura hayaachi kukua. Hupunguzwa na kutafuna vitu vigumu. Chando alikuwa amekula vitu vya kumezwa tu, na meno yalikuwa yameota hadi yakamfungia mlango wa kinywa.

Leodegar ana koleo lake la kukatia mikanda ya chuma ya marobota. Bwana yule aliyempima sungura kwa supu akaketi uani, akalichemsha koleo katika sufuria, akavua shati. Bi Siti akaacha vitumbua viungue ili amshike mnyama miguu. Severa akafumba macho.

"Niliogopa," Leodegar anakiri. "Robota likiharibika unakatwa mshahara. Hili likiharibika nakatwa nyumbani." Alikata kidogo kidogo, na sungura hakutoka damu.

Baada ya hapo ilikuwa haba na haba. Severa alikumbuka kwamba mama yake hakuwapa mbuzi wagonjwa jani la umande. Aliliacha linyauke kwanza. Basi akawa anatwanga ukoka ulionyauka, anauchanganya na maji ya uvuguvugu, anamlisha kwa ncha ya kidole. Akaanza kumpa mchunga, lile jani chungu la mashambani, kwa kubahatisha tu, na sungura akalivuta mwenyewe hadi shina likaisha. Kisha vijiti vya mpera, ili meno yafanye kazi. Leodegar sasa huja navyo kutoka kazini bila kuagizwa, na ukimtania huvificha nyuma ya mgongo.

Mwandishi alirudi Mtaa wa Sikukuu baada ya mwezi mmoja, Jumapili ambayo Mama Daksha alikuwa ameahidi kuja kumchukua mnyama wake. Haijulikani kama aliwahi kuingia nyumba ya Kariakoo kabla ya hapo, ingawa ni mwendo wa dakika chache kutoka kwake. Alikuja kwa miguu, peke yake, kavaa sari ya kijani, ana kikapu kilichotandikwa pamba.

Bahati mbaya alifika saa ya chakula. Leodegar na mkewe walikuwa wametoka kanisani, na uani chungu cha ndizi na nyama kilikuwa kikitokota. Harufu ilikuwa imeenea ukumbi mzima. Mama Daksha akaziba pua kwa sari, akapita. Severa akamkimbilia, wakasalimiana, akamwongoza hadi kwenye sanduku la chai.

Sanduku lilikuwa tupu.

Ubao mmoja wa upande ulikuwa umetafunwa. Lakini Mama Daksha hakuutazama ubao. Alitazama sanduku, akatazama chungu, kisha akatazama chini. Severa naye rangi ilimtoka, na mwandishi anakiri kwamba hata yeye, aliyekuwa amemwona sungura akilishwa kwa kidole, alikitupia chungu jicho.

"Mama Daksha, ni ng'ombe," Severa akasema. Mara akagutuka, maana kwa mtu yule neno hilo halikuwa faraja hata kidogo. Akashika mfuniko wa chungu. "Njoo utazame mwenyewe. Njoo uone mifupa yake, si ya sungura."

Mama Daksha akarudi nyuma hatua moja, ameugeuza uso. Ushahidi pekee uliokuwapo hakuweza kuutazama. Dini yake haikumruhusu kusogeza macho pale, na Severa alisimama na mfuniko mkononi, mvuke unampanda usoni, hana kingine cha kumwonyesha.

"Funika, Severa," Mama Daksha akasema hatimaye, bado ameangalia ukutani. "Wewe nasema si yeye, basi si yeye. Siku ile wewe nasema kweli wakati uongo ni rahisi. Funika, sisi natafuta."

Wakaanza kutafuta. Leodegar akaingia nyuma ya mapipa ya maji. Mama Daksha akainama na sari yake kuchungulia chini ya rundo la kuni. Na hapo ukasikika ukelele wa Bi Siti kutoka chumbani.

"Mkeka wangu! Mkeka wangu wa Mafia, jamani! Huyu mnyama wenu hajafa bado?"

Chando alikuwa uvunguni, ameutandaza mkeka mbele yake kama karamu, ametafuna pembe nzima ya ukili wenye rangi. Meno yalikuwa mafupi, meupe, yakifanya kazi kwa kelele. Mama Daksha alipomwinua ilimbidi atumie mikono yote miwili. Alimkumbatia akacheka huku machozi yanamtoka, na Severa akaketi pale pale sakafuni.

Bi Siti aliahidiwa mkeka mpya. Alidai pia wa pili, fidia ya mshtuko.

Kabla ya kuondoka, Mama Daksha alimuuliza Severa jambo moja mbele ya watu wote. "Sema kweli. Hata siku moja wewe hukumtamani?"

Severa akafikiri. "Alipokuja alikuwa mifupa, sikumtamani," akasema. "Juzi aliponenepa, nilimtamani kidogo."

Mama Daksha alicheka hadi akashika ukuta.

Siku hizi Chando hupata chapati siku ya sikukuu tu, tena kipande. Siku nyingine kitita kimoja kidogo cha majani yaliyonyauka hufika mlangoni kwake, na akina mama wengine wa mtaa ule wameanza kuwaleta kwa Severa kasuku na paka zao, ingawa yeye huwaambia kila mara kwamba anajua mbuzi tu, na sasa sungura mmoja.

Alipoulizwa anatarajia nini, Severa hakusita. Anataka mtamba. Anataka naye awe mwenye ng'ombe, afunge mnyama wake pale karibu na hekalu, akina mama waje na majani wenyewe. Leodegar anacheka anamkumbusha kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume.

"Acha azae dume," Severa anasema. "Mama Daksha ameniambia siku nitakayomnunua, kitita cha kwanza ataleta yeye. Ila ameweka sharti. Anataka niahidi kwamba ng'ombe huyo akizeeka sitamchinja."

Na ameahidi?

Severa anarudia kuchambua majani yake, ukoka huku, mchunga kule.

"Bado," anasema. "Nimemwambia aniache nifikiri kwanza. Ningeahidi upesi upesi, asingeniamini."