Marahaba ya Kilomita ya Kumi

Mwaka jana, kwenye mbio za kilomita kumi za Kilwa Masoko, Dativa alitoka kama anayefukuzwa na nyuki. Akawapita vijana wa sekondari, akapungiwa mikono, na kabla kilomita ya tatu haijaisha alikuwa amekaa chini kando ya barabara akitapika uji wa asubuhi. Fundi cherehani mzima wa Somanga, mama wa watoto watatu, miaka arobaini na moja, miguu kaitandaza mbele ya kadamnasi! Alirudi nyumbani na nia moja: mwaka huu anamaliza, na anamaliza bila kusimama.

Mwalimu Edwin, anayefundisha michezo shule ya msingi, ndiye aliyemwazima saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo.

"Dada, mapafu yako hayana shida," alimwambia. "Shida yako ni pupa. Hii nimeitega mia na thelathini. Ikilia, punguza mwendo. Usibishane nayo."

Asubuhi ya kwanza saa ililia kwenye nguzo ya pili ya umeme. Akapunguza. Ikalia tena. Akapunguza mpaka akapitwa na mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani, ambaye alimtupia jicho la huruma kama vile anamwona mgonjwa anayezoeshwa kutembea. Dativa alitamani ardhi ipasuke.

Basi akabuni ujanja. Maneno yanakula pumzi, kwa hiyo atakimbia bila kusema na mtu. Akimpita Mzee Majid kwenye birika lake la kahawa, anainua kidole. Akimpita Bi Agnes anayefagia uwanja, anatikisa kichwa, huyoo. Na saa bado inalia! Wiki haikuisha, habari zikamfikia mama mkwe wake, Bi Natalia, Mmatumbi wa kule vilimani, mtu asiye na mchezo na salamu.

"Nasikia siku hizi husalimii wakubwa," alisema huku akipeta mchele. "Ububu umekuanza lini?"

"Mama, nakuwa nakimbia."

"Wanaokimbia hawana midomo?"

Dativa aliumia, tena aliumia kwa sababu mama alisema kweli. Kesho yake akatoka amenuna, ameapa kusalimia kila mtu na salamu zote, mbio zife zisife.

"Shikamoo, Bi Agnes!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo! Mmeamkaje hapo?"

"Salama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu!"

Yote hayo miguu ikiwa inakwenda, mdogo mdogo, kuuzunguka ua wa Bi Agnes. Ndipo alipogundua kwamba saa imenyamaza. Akaitazama: mia na ishirini na saba! Kumbe ili amalize salamu bila kuhema, ilibidi akimbie mwendo ule ule ambao Edwin alikuwa akiuhubiri siku zote. Alicheka peke yake barabarani, na hakujali nani anamwona.

Tangu hapo akawa anachagua njia zenye wazee wengi. Mwezi wa sita pumzi ya kusalimia ilimwishia kwa Mzee Majid, akalazimika kutembea. Mwezi wa nane alisalimia kuanzia msikitini hadi mashine ya kusaga, nyumba kumi na nane, na saa kimya. Ajabu ni kwamba mapigo yalikuwa yale yale lakini miguu ilikuwa na kasi nyingine. Njia ya dakika arobaini sasa aliimaliza kwa thelathini na moja. Bi Agnes akaanza kulalamika kwamba Dativa anapita upesi mno, habari za wajukuu zinabaki nusu.

Siku ya mbio ikafika. Filimbi ikalia, watu wakafyatuka, na Dativa akawa wa mwisho. Wa mwisho kabisa. Nyuma yake gari la wagonjwa tu.

"Mama, utafika kesho!" kijana mmoja alimpigia kelele.

Miguu ilimwasha, lakini saa ilipolia alipunguza. Kuanzia kilomita ya tano akaanza kuwaokota mmoja mmoja: waliojishika viuno, waliovua viatu, na yule kijana wa "utafika kesho", ambaye sasa alikuwa anachechemea. Kilomita ya nane akafanya aliloruhusiwa na Edwin. Akaizima sauti ya saa, akauachia moyo. Jamani, raha!

Zikiwa zimebaki hatua mia mbili, kifua kinawaka moto, akamwona Bi Natalia kwenye kamba ya watazamaji, mbele ya watu wote. Mama mkwe hapitwi hivi hivi. Dativa akafungua mdomo, "Shi...," pumzi haikutoka. Akajaribu tena. Miguu ikaanza kulegea, ikataka kusimama ili neno lipate njia.

"We Dativa, usinisalimie!" Bi Natalia alipaza sauti, kanga ikimdondoka begani. "Nimeshaitikia! Marahaba! Marahaba, mwanangu! Kimbia!"

Dativa akakimbia. Alivuka mstari akilia na kucheka kwa pamoja, hajasimama hata mara moja, na huko nyuma mama mkwe alikuwa bado anaitikia.